Harufu Iliyoondoka

Taa ya kilemba iligoma kuwa kijani, na Mwalimu Gwamaka akasema kosa lilikuwa kwenye pumzi.

"Unaibana," alisema. "Unaivuta, kisha unaishikilia kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Iache iingie na kutoka yenyewe. Pumzi haihitaji mpagazi, Subilaga."

"Sijaibana, Mwalimu. Baridi ndiyo iliyonibana mimi."

"Na hilo nalo ni kosa. Mtu akishindwa kuketi huanza kulaumu hali ya hewa."

Subilaga Mwakibete alifumba macho tena. Alikuwa juu ya kigoda jikoni kwake, mgongo wima, makoti mawili mwilini, na kilemba cha shirika la mvuke kimemzunguka kichwa. Kilikuwa utepe mweusi tu, wenye nyaya nyembamba ndani yake na taa ndogo kwenye paji la uso. Taa hiyo ilimwaga rangi ya manjano juu ya masufuria. Nje, umande ulikuwa umeganda kwenye mabati ya Mvukeni, na watu walipita njiani wakipuliza viganja. Chini ya sakafu lilipita bomba la mvuke ambalo, tangu nyumba ijengwe, lilimwezesha mtu kutembea pekupeku hata mwezi wa Juni. Sasa bomba hilo lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na kila mtu mjini alijua ni nani aliyelikata.

Kwenye kona, karibu na jiko la kuni lililotolewa stoo na kufutwa vumbi, kuku wake alikuwa amejikunyata ndani ya beseni. Vifaranga walikwisha kuanguliwa tangu juzi, lakini mama yao alikuwa hajakata tamaa na mayai matatu yaliyosalia.

"Wazo gani limekuja?" Mwalimu aliuliza.

"Marehemu Tumpe."

"Litaje jina, uliache lipite."

"Nimelitaja."

"Sasa liache."

Taa iligeuka nyekundu. Mwalimu alishusha pumzi ndefu puani, kwa adabu, kama mtu aliyeonja mchuzi usio na chumvi katika nyumba ya watu.

Alikuwa mtu wa kufunga tai juu ya ovaroli. Kucha zake zilikuwa safi siku zote, na hapakuwa na mwongozaji hata mmoja Mvukeni ambaye hakufundishwa naye. Kabla hajafika, watu walishuka ndani ya mlima na hofu zao, na nyungunyungu, mashine za kuchimba, wakazitii. Ndivyo walivyoumbwa. Walikuwa mashine ndefu kama basi, zenye meno ya almasi, zikitambaa ndani ya mwamba kutafuta mvuke, na hazikuwa na usukani wala kitufe. Mwongozaji aliketi katika pango la chini, kilemba kichwani, na mashine ikaenda jinsi akili yake inavyokwenda. Akili ikishtuka, mashine inashtuka. Na mashine ikishtuka jirani na maji yenye moto wa kuyeyusha risasi, mji unachimba makaburi.

Kwa hiyo Mwalimu aliwafundisha kuketi. Ukutani mwa ukumbi wa mafunzo aliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi nzuri zenye mikia, makosa yanayomzuia mtu asitulie: kutaka kichwa kiwe kitupu kama kibuyu, kubana pumzi, kupigana na wazo kana kwamba ni mwizi, kukimbiza taa, kusinzia ukadhani umetulia, kujilaumu. La mwisho lilikuwa kufuata wazo, na hilo ndilo aliloshtakiwa nalo Subilaga.

"Unajua shida yako?" Mwalimu alisema. "Unaikimbiza taa. Ukiiona nyekundu unaudhika, na ukiudhika inazidi kuwa nyekundu."

"Nitaionaje nami nimefumba macho?"

"Unaichungulia kwa ndani."

Subilaga alicheka bila kutaka, kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha alikivua kilemba na kukiweka mapajani.

"Mwalimu, nikuulize neno. Wewe ndiye uliyetufundisha kutaja jina la wazo. Likija deni, useme deni. Likija goti linalouma, useme goti. Halafu urudi kwenye pumzi. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Siku ile ilikuja harufu ya mayai viza. Nikataja. Nikasema, gesi. Haya nieleze, mtu akishataja gesi, anaiachaje?"

Mwalimu alirekebisha tai yake. "Wenzako waliiacha."

"Na mimi niliiacha. Sikiliza, maana hili hukuniuliza hata siku moja. Niliiacha kama ulivyonifundisha, na harufu ikaondoka. Nikafurahi, Mwalimu. Nikasema moyoni, leo nimeiva, hata harufu imenitii. Taa yangu kijani, ya Tumpe kijani, ya Ipyana kijani. Sote tuliketi pale tukijipongeza. Kumbe gesi ile ikizidi huua pua kwanza. Daktari ndiye aliyeniambia baadaye. Ukiisikia bado una muda. Ukiacha kuisikia ndipo imekukamata."

"Hilo nalijua sasa."

"Unalijua sasa. Tumpe hatalijua. Alikufa taa yake ikiwa kijani, na juu huko kipima gesi kiliwapigia kelele wasimamizi, wakatazama taa sita za kijani, wakasema kipimo ndicho kimeharibika."

Kuku alisogea ndani ya beseni, akalalamika kidogo, akatulia.

"Wewe ulisimama kwa sababu gani?" Mwalimu aliuliza, na safari hii aliuliza kama mtu asiyejua.

"Macho. Harufu iliondoka lakini macho yaliendelea kuwasha. Nikajiuliza, kama harufu imekwisha, mbona ninatoka machozi? Nikalirudia wazo hilo. Nikalifuata. Nilipolifikia nilikwisha kusimama."

"Na nyungunyungu wako akaruka, akakata bomba kuu."

"Akakata. Nikafunga vali, nikawakokota watu nje. Waliobaki wanapumua mpaka leo."

"Na mji unatetemeka mpaka leo."

"Unatetemeka."

Wakati huo paka wa jirani alitua dirishani. Kuku hakusubiri hata paka atie mguu ndani. Aliruka kutoka kwenye beseni akiwa amevimba mara mbili ya ukubwa wake, mabawa wazi, akapiga ukelele uliomtupa paka nje na nusura umwangushe Mwalimu kutoka kwenye kiti.

"Umemwona huyo?" Subilaga alisema. "Anajua kuketi kuliko mimi na wewe. Chakula hali sawasawa, hatoki, hasemi na mtu. Lakini paka akitokea anasimama. Na hakuna aliyemwambia kwamba amefuata wazo."

"Kuku haongozi mashine."

"Ndiyo sababu watoto wake wako hai."

Mwalimu alisimama, akapangusa ovaroli yake taratibu, ingawa haikuwa na uchafu. "Mchana nitaketi pamoja nanyi ukumbini," alisema. "Nimemwomba Meneja wa shirika kiti cha Tumpe. Nilichowafundisha nitakifanya mbele ya watu. Njoo, binti yangu, uketi. Usije ukagombana."

Alipokwisha kutoka, Subilaga aliinama kwenye beseni. Aliyachukua yale mayai matatu, akatikisa moja karibu na sikio, akasikia maji yakicheza ndani. Viza tupu. Aliyafunga kwenye kitambaa ili akayatupe shimoni. Alipofika mlangoni alisimama kidogo, kisha akayatia mfukoni mwa koti.

*

Meneja Zuhura Makame hakumpeleka ukumbini moja kwa moja. Alimpitisha kwanza zahanati.

"Sitasema neno," alisema mlangoni. "Tazama tu, dada Subi."

Wodi ya wazazi ilinuka moshi. Katikati ya chumba waliweka jiko la mkaa chini ya dirisha lililofunguliwa nusu, na kinamama walikuwa wamewafunga watoto wachanga kifuani kwa khanga, ngozi kwa ngozi, kisha mablanketi juu yake. Mama mmoja alikuwa akisugua miguu ya mwanawe iliyokuwa midogo kama vidole vya mtu mzima. Alimwona Subilaga, akamtambua, akageuza uso ukutani.

Wakatoka nje. Zuhura alikuwa mtu wa pwani, na baridi ya uwanda ule wa juu ilimtesa kuliko wenyeji. Alijifunika mtandio juu ya mtandio, na pua yake ilikuwa imechubuka kwa kupangusa. Hakuwa mtu mbaya. Subilaga alitamani angekuwa mbaya, kazi ingekuwa rahisi.

"Bomba limeungwa," Zuhura alisema. "Lakini kisima cha zamani kimeziba, na mvuke mwingine uko hatua chache tu ndani ya mwamba. Nahitaji waongozaji sita wakaufikie. Nina vilemba vipya ambavyo havitamwacha mtu apotee njia. Na nina waongozaji ambao hawataki kushuka navyo, kwa sababu wewe hujakubali. Wanakutazama wewe."

"Wana macho yao."

"Wana macho, lakini wewe ndiye uliyewakokota nje. Ukiketi leo pamoja nao, watashuka. Kesho mama yule atamwogesha mwanawe kwa maji ya moto. Na kiti chako utarudishiwa, na hakuna mtu atakayekunyooshea kidole."

"Kilemba hicho kinafanya nini hasa, Bibi Meneja? Kwa maneno ya kawaida."

"Cha zamani kilikuonyesha tu kwamba akili imetoka. Hiki kinairudisha. Kinatuma umeme mdogo sana, hata mende hausikii, na akili inarudi kwenye pumzi. Makosa yote yale ya Mwalimu Gwamaka, ya kubana na kupigana na kufuata, yamekwisha. Mtu hawezi tena kukosea kuketi."

"Hawezi hata akitaka?"

"Nani atataka?"

Subilaga alilijua jibu, na lilimtia aibu. Wiki iliyopita alikubali kukijaribu kilemba hicho ofisini, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Alipokivaa, Tumpe alimjia kama kawaida, na ule wimbo wake wa kanisani aliokuwa akiuimba chinichini hata baada ya kukatazwa. Kisha Tumpe akaondoka kimya kimya, kama mtu aliyekosea nyumba. Hapakuwa na maumivu. Ilikuwa tamu, kwa kweli. Usiku huo Subilaga alilala kama mtoto aliyeshiba, na asubuhi alipojaribu kumlilia rafiki yake hakupata pa kuanzia. Alizunguka ndani ya kifua chake kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. Mchana ulipofika maumivu yalirudi, naye akayapokea mlangoni kama mgeni aliyedhaniwa amekufa safarini.

Na bado, tangu siku hiyo, hapakupita jioni ambayo hakukitamani kilemba kile.

"Kengele ya gesi," alisema. "Mtaiweka pangoni?"

"Kengele inawashtua. Ndiyo sababu ilihamishiwa juu tangu mwanzo, unajua."

"Juu ambako mliitazama mkasema mbovu."

Zuhura alipangusa pua. "Safari hii tutaiamini."

"Kama mtatazama taa sita za kijani, mtaamini nini?"

"Dada Subi," Zuhura alisema taratibu, "watoto wale ndani hawali maswali. Wana baridi. Twende."

Lilikuwa jambo la haki kulisema, na lilimchoma kuliko tusi. Subilaga alipiga moyo konde, akamfuata.

*

Ukumbi wa kuketi ulijaa mpaka madirishani. Watu wa Mvukeni walikuja na mablanketi na mitungi ya chai, wakabanana kwenye mabenchi, wengine kwa ajili ya kushuhudia na wengine kwa ajili ya joto la wenzao. Mbele, chini ya yale maandishi yenye mikia, vigoda sita vilipangwa kwa nusu duara kama vilivyopangwa kule pangoni. Ipyana alikwisha kukaa chake, kijana mpana mwenye mdomo usiotulia, na waongozaji wengine watatu kando yake. Mwalimu Gwamaka aliketi kwenye kiti cha Tumpe, tai imenyooka. Kigoda cha mwisho kilikuwa wazi.

"Dada Subi, umechelewa," Ipyana alinong'ona. "Tulidhani umekwenda kukata bomba la Makambako."

"Nyamaza, utapoteza kijani chako."

"Sipotezi tena. Wanasema hiki kinarudisha hata mke aliyetoroka."

Zuhura aliongea kwa ufupi. Alisema juu ya usalama, juu ya mvuke, juu ya subira ya wananchi. Kisha akaashiria, na fundi akabonyeza. Taa tano ziliwaka kijani kwa pamoja, bila kupita kwenye manjano, na nyuso tano zikalainika kama nguo iliyopigwa pasi. Hata Ipyana. Mdomo wake ulifungwa, na Subilaga aligundua kwamba tangu amfahamu hajawahi kuona mdomo ule ukitulia.

Watu walishusha pumzi. Mtu wa nyuma alisema, "Hapo sawa," na mwingine akaanza kupiga makofi, akatulizwa.

"Na wewe, dada Subi," Zuhura alisema.

Subilaga alikwisha kukaa kigoda cha mwisho, kilemba kipya mapajani. Kilikuwa chepesi. Aliwatazama wale waliokuwa kijani, kisha akatazama mabenchi, na pale katikati akamwona mama wa wodini, mwanawe kifuani. Alikuwa amekuja. Alikuwa akimtazama Subilaga moja kwa moja sasa, na macho yake hayakuomba kitu, yalidai.

Subilaga alikiweka kilemba sakafuni. Alitia mkono mfukoni mwa koti, akafungua kile kitambaa, akalitupa yai la kwanza kwenye saruji katikati ya nusu duara.

Lilipasuka kwa sauti ndogo. Kwa muda hakuna aliyeelewa. Kisha harufu ilifika benchi la kwanza, na mzee mmoja akasema, "Loo, nani huyo?" na jirani yake akasema, "Si mimi, mzee wangu, nimekula viazi tu." Kicheko kilianza na kufa papo hapo, kwa sababu harufu ilizidi. Watu walijifunika pua kwa mablanketi. Wale wa madirishani waliruka nje. Zuhura alibandika mtandio usoni.

"Ni nini hiki?"

"Yai viza, Bibi Meneja."

"Una wazimu?"

"Watazame wao, usinitazame mimi."

Wote walitazama. Waongozaji wanne na mwalimu wao waliketi katikati ya uvundo ule kama watu waliokaa bustanini. Vifua vilipanda na kushuka polepole, vikivuta ndani kila kitu kilichokuwamo hewani. Taa zote kijani.

Subilaga alisogea mbele ya Ipyana. Alilivunja yai la pili kwenye kiganja chake mwenyewe, akakiinua kiganja hicho mpaka karibu na pua ya kijana. Ute wa kijivu ulimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Taa ya Ipyana ilipepesa manjano mara moja, kwa haraka kama kope, ikarudi kijani.

"Ipyana," alisema. "Unasikia harufu?"

Ipyana alitabasamu bila kufumbua macho. "Ilikuwapo," alisema kwa sauti laini isiyokuwa yake. "Imeondoka."

Hapakuwa na mtu Mvukeni ambaye hakujua jinsi Tumpe alivyokufa, lakini walikuwa wamelijua kama mtu anavyojua habari ya mji mwingine. Sasa walikuwa wameliona, na wote walikuwa wameziba pua.

"Siku ile tulikosea wenyewe," Subilaga alisema. Hakupaza sauti, na hakuhitaji. "Mtu akikosea mwenyewe, anaweza kushtuka katikati ya kosa. Mimi nilishtukia macho. Hiki kilemba kingenirudisha kabla sijafika kwenye macho, na leo mngekuwa na joto, na makaburi sita."

"Zima," mtu alisema nyuma. "Wafungueni watoto wa watu."

Zuhura alinyoosha mkono kumzuia fundi. "Ngojeni. Mashine inaweza kurekebishwa isiguse harufu. Tunaweza..."

"Na macho?" Subilaga aliuliza. "Na sakafu ikitikisika? Na mtu akikumbuka kwamba hakufunga vali? Mtaorodhesha kila kitu ambacho mtu anaruhusiwa kukishtukia?"

Hapo taa ya Mwalimu Gwamaka iligeuka manjano.

Ilirudi kijani. Ikageuka tena manjano, ikarudi tena. Uso wake ulikuwa bado laini, lakini jasho lilimtoka kwenye mashavu katika baridi ile. Mkono wake wa kulia ulinyanyuka kidogo kutoka gotini, ukashuka wenyewe kama uliosahau safari, ukanyanyuka tena. Subilaga alipiga hatua kumsaidia, kisha akasimama. Huyu alikuwa mtu aliyemfundisha nusu ya mji kwamba hakuna anayeweza kuketi kwa niaba ya mwingine. Manjano, kijani, manjano. Mkono ulifika kwenye tai. Ulifika kidevuni. Taa ilipowaka nyekundu, mara moja tu, vidole vilikishika kilemba na kukivuta kikaanguka.

Mwalimu alifumbua macho. Alikohoa mpaka akainama, na alipoinuka aliangalia herufi zake mwenyewe ukutani, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma mwandiko wa mgeni.

"Nilijua ipo," alisema. "Kila nilipotaka kuijua, niliambiwa nimekwisha kuijua." Aligeuka kwa Zuhura. "Bibi Meneja, hayo si niliyofundisha. Nilifundisha mtu asimkimbize mgeni wala asimwandalie chakula. Lakini anayebisha hodi lazima usikie anasema nini. Hilo sikuliandika. Nilidhani kila mtu analijua."

"Na baridi, Mwalimu?" Zuhura alisema. Macho yake yalikuwa na machozi, na haikujulikana kama ni ya yai au ya kitu kingine. "Nitaifanyaje baridi?"

"Tutashuka," Subilaga alisema. "Leo, kabla jua halijazama. Na vilemba vya zamani, vinavyoonyesha na kunyamaza. Kengele ya gesi iwe pangoni pamoja nasi. Na atakayesimama asiulizwe na mtu kwa nini amesimama."

"Kengele ikilia bure, taa zitakuwa nyekundu. Mashine itaruka. Bomba litakatika tena na watu hawa wataganda tena."

"Litakatika. Tutaliunga. Tumpe hakuungika."

Mama wa wodini alisimama na mwanawe. Alijipenyeza kati ya mabenchi, akiwa ameziba pua yake kwa mkono mmoja na ya mtoto kwa pembe ya khanga, akafika mbele, akamtazama fundi mpaka fundi akabonyeza.

Taa nne zilizima. Kwa pumzi mbili tatu hakuna aliyejongea. Kisha pua ya Ipyana ilikunjamana. Mdomo wake ukafunguka, ukawa tena mdomo ule ule.

"Jamani," alisema, "nani kavunja yai viza humu ndani?"

Hapo watu walicheka, wengine huku wakilia, na Ipyana akageuka kutapika kando ya kigoda chake. Subilaga alimshika bega kwa ule mkono uliokuwa safi.

"Mimi," alisema. "Karibu tena."

Zuhura alisogea, akashusha mtandio usoni kwa mara ya kwanza, akavuta ile hewa kwa makusudi, akakunja uso. "Keti, dada Subi," alisema kwa uchovu. "Keti tuongee."

"Nimeketi vya kutosha. Nitaongea nimesimama."

Mmoja baada ya mwingine waongozaji walinyanyuka, wakayumba, wakashikana mikono. Mwalimu Gwamaka aliondoka kwenye kiti alichokuwa amekiomba, akasimama pembeni yake, tai imepinda na hakuinyoosha. Vigoda vyote sita vilibaki wazi, na juu yake ukuta wenye makosa yote isipokuwa lile ambalo Mwalimu hakuliandika.

Zuhura aliwatazama. Akamtazama mtoto. Alipangusa pua yake iliyochubuka.

"Kengele hiyo," alisema hatimaye, "mnaitaka iwekwe wapi?"

Subilaga aliinua mkono wake uliokuwa bado ukinuka, akaonyesha kigoda cha Tumpe.

"Pale," alisema.